Gari la viti viwili: inua kapeti kabla hujasikiliza injini

Kila masika yakiisha, ujumbe unaonifikia kutoka kwa wenye magari ya viti viwili yenye paa la kukunja ni uleule: gari linanuka uvundo. Wa karibuni ametoka Mbezi Beach. Ana BMW Z4 ya 2005, aliuziwa yadi kwa yale maneno ya "kuwasha na kuondoka". Aliwasha, akaondoka, akafurahi mpaka Aprili. Sasa paa halifunguki, chini ya kapeti kuna maji, na fundi wa kwanza kamwambia ni shida ya umeme. Mimi nimemwambia aanze na ule mwembe anaoegesha chini yake.

Paa la kukunja halizuii maji yote, wala halikuundwa kuyazuia yote. Yanayopenya pembeni ya mpira hupokelewa na mfereji uliofichwa nyuma ya viti, kisha hushuka kwa mipira myembamba iliyomo ndani ya bodi na kutokea chini ya gari, karibu na tairi za nyuma. Tundu lenyewe la kuingilia ni la kuziba kwa kidole. Sasa chukua vumbi la kiangazi, majani ya mwembe na maua ya mkrismasi, mwagia mvua ya kwanza: unapata uji. Tundu linaziba, maji yanatafuta njia nyingine, na njia nyingine ni ndani.

Hiyo Z4 ya kwanza, inayoitwa E85, iliyotengenezwa 2002 hadi 2008, ndiyo inayoumia kuliko zote. Pampu ya kukunjia paa iliwekwa chini kabisa, kwenye kona inayopokea maji hayohayo. Mfereji ukiziba, pampu inazama na kufa, na kuifikia lazima paa lifumuliwe. Mafundi wajanja wakishaibadilisha huihamishia kwenye buti. Ukikuta gari ambalo pampu yake imeshahamishwa, mwenye gari alikuwa mtu makini. Ukikuta bado iko mahali pake na muuzaji anakwambia "paa zima, ila betri imeshuka kidogo", rudi nyumbani.

Kasi sitaizungumzia. Foleni ya Mwenge haijui nani ana silinda sita. Ulaji wa mafuta pia siugusi, maana anayewaza mafuta hanunui gari la kubeba mtu mmoja na mkoba.

Chaguo langu la kwanza ni Mercedes-Benz SLK ya kizazi cha tatu, R172, iliyotoka 2011, pamoja na SLC, ambayo ni gari hilohilo lililobadilishwa jina 2016 na kuendelea hadi 2020. Ndiyo, napendelea Benz na sifichi. Paa lake ni la chuma, halichakazwi na jua wala kuota ukungu kama turubai, na linakunjwa kwa takriban sekunde 20. Lakini sababu kubwa iko chini ya boneti. SLK 200 ya miaka ya mwanzo inatumia injini ya lita 1.8 ya familia ya M271, ndugu wa zile zilizomo kwenye C-Class W204 zinazojaa barabarani Dar na Nairobi. Maana yake fundi anayeijua yupo, na spea nyingi za injini utazipata Kariakoo bila kuagiza Ujerumani. Ugonjwa wake unajulikana: cheni ya taimingi hurefuka. Liwashe asubuhi likiwa baridi kabisa. Ukisikia mkwaruzo wa sekunde chache kisha kimya, bei ishuke au uondoke. Ukimkuta muuzaji ameshaliwasha kabla hujafika, uliza kwa nini.

Mifereji ya SLK nayo huziba, nisikudanganye. Fungua paa nusu, simamisha, uangalie kona za nyuma na mipira inayopakana na buti. Kisha ingia ndani ya buti, inua zulia, upapase. Unyevu pale ni habari mbaya kuliko mkwaruzo kwenye bampa. Na ujue kwamba paa likikunjwa, buti ya lita 335 inabaki lita 225, kwa hiyo safari ya Bagamoyo mchukue nguo chache. Wauzaji wanapenda sana kutaja Airscarf, ile tundu kwenye kiti inayokupulizia shingo hewa ya moto. Kwa mtu wa Njombe naelewa. Kwa mtu wa Msasani, usikubali kuongezewa hata shilingi.

SLK ya kwanza kabisa, R170 ya 1996, iacheni. Mafuta ya haidroliki ya paa huvuja pale juu ya kioo cha kujitazamia na kudondoka kwenye suruali.

Ya pili ni Porsche Boxster 981, ya 2012 hadi 2016. Kama gari la kuendesha, ni bora kuliko SLK, na anayebisha hajaliendesha. Injini iko nyuma ya viti, ukifungua boneti unakuta sehemu ya mizigo tu, na fundi wa mtaani asiyeijua atazunguka gari zima akiitafuta. Ndiyo maana nimeiweka ya pili. Vitundu vya maji viko kwenye kona za sehemu paa linapojikunja, na ukisimamisha paa katikati unaviona, unavisafisha mwenyewe. Tatizo ni Boxster za zamani. Kwenye ile ya kwanza, 986, kompyuta ya alamu na ufunguo iko chini ya kiti, sakafuni, yaani palepale maji yanapotua. Kapeti ikilowa, gari linakataa ufunguo wake lenyewe. Ongeza beringi ya shafti ya kati, maarufu kama IMS, inayoweza kuua injini nzima kwenye 986 na 987 za kabla ya 2009, na utaelewa kwa nini Boxster inaweza kuuzwa bei ya Toyota Crown. Hiyo si bahati yako, ni mtu anakukabidhi mzigo wake.

Z4 ya pili, E89, 2009 hadi 2016, ina paa la alumini na sura nzuri kuliko zote hizi. Kagua nyaya zinazopita kwenye bawaba za buti, hukatika kwa kukunjwakunjwa. Tairi zake za asili ni za kukimbia bila upepo, na spea tairi haina. Jaguar F-Type ni sauti na mapaja ya nyuma. Bomba za plastiki za maji kwenye injini za V6 na V8 hupasuka kwa joto, na uzalishaji ulikoma 2024.

Mwenye bajeti ndogo achukue Mazda Roadster. Haina makuu. Mifereji yake ikiziba, huoza bodi mbele ya tairi za nyuma, basi.

Kwenye kodi watu hulia wakishachelewa. Kwa Tanzania, gari lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, wa miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15, juu ya ushuru wa forodha wa 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, na VAT ya 18. Vyote vikipandiana, SLK ya 2012 inakaribia kukugharimu kodi sawa na bei yake pamoja na usafiri. Tena thamani inayokokotolewa ni ile ya mfumo wa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, si ile ya risiti yako, kwa hiyo tumia kikokotoo chao kabla ya kutuma pesa Japani. Kenya wenzetu hawana hesabu hiyo: gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa, kwa hiyo kwao zungumzia SLC na Porsche 718, ile Boxster iliyofuata baada ya 981.

Ukifika yadi, beba chupa ya maji ya lita moja. Fungua paa nusu, mimina polepole kwenye mfereji, upande mmoja kwanza, na mwenzako achungulie chini. Maji yatoke karibu na tairi ndani ya muda mfupi. Yasipotoka, usikubali kijana wa yadi alete kompresa, kwani upepo mkali huchomoa mpira ndani ya bodi na hapo umetengenezewa ugonjwa mpya. Mshipi mnene wa kuvulia samaki unatosha kuzibulia.

Wengi watakukatalia. Watasema gari limeshaoshwa, mteja mwingine yuko njiani na pesa taslimu, utaharibu ngozi ya viti. Nimeshaona gari lenye vibonge vya manukato vitatu kwenye dashibodi na kapeti mpya kabisa upande wa dereva tu. Kapeti ya abiria ilikuwa na miaka yake yote. Na bei wanakunong'oneza kwa dola, ilhali tangu 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Mwambie akuandikie kwa shilingi, na chini yake aandike kwamba mifereji ya paa imepimwa kwa maji mbele yenu wote wawili.