Uzoefu wangu na HP Z4 G4 ya mtumba katika kazi za ramani

Kampuni yetu ya upimaji na mipango miji ipo Morogoro, ina wataalamu wachache, na sehemu kubwa ya kazi zake ni urasimishaji wa makazi: tunarusha droni juu ya mtaa, tunaunganisha picha hadi ipatikane ortofoto moja (picha ya juu ya eneo zima, iliyonyooshwa ili ipimike kama ramani), kisha tunachora mipaka ya viwanja, nyumba na njia katika QGIS, programu ya kuchora ramani. Kompyuta ninayoieleza hapa ni HP Z4 G4, ya mezani, iliyokwisha kutumika, yenye prosesa ya Xeon W-2145, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 64 na kadi ya picha ya Quadro P4000, ambayo tuliinunua Dar es Salaam kwa bei ya chini kuliko ile ya kompyuta mpakato mpya ya michezo tuliyokuwa tunashawishiwa kuichukua.

Ushawishi huo yeyote anayenunua kompyuta kwa kazi kama zetu atakutana nao, kwa sababu muuzaji akisikia neno "ramani" huenda moja kwa moja kwenye kadi kubwa ya picha na kibodi inayowaka taa za kila rangi. QGIS, inapochora ramani ya kawaida isiyo ya pande tatu, hutegemea prosesa, RAM na diski, na kadi ya picha hukaa karibu bila kazi. Kadi hiyo ina umuhimu wake katika ArcGIS Pro, programu nyingine ya ramani, ambayo huitumia kuonyesha ramani kwenye skrini, na katika Metashape, programu ya kuunganisha picha, ambayo huikabidhi hesabu nzito za umbali wa kila sehemu ya picha kutoka kwenye kamera. Kwa hiyo swali la kwanza dukani linapaswa kuhusu programu utakayoitumia, kabla ya kuulizana habari za mashine.

Kilichotuamulia sisi ni RAM. Picha zetu za droni tunaziunganisha kwa programu ya WebODM, na mwongozo wa watengenezaji wake hukadiria kwamba picha 250 zinahitaji GB 16, picha 500 zinahitaji GB 32, na picha 1,500 zinahitaji GB 64, ikihesabiwa pamoja na sehemu ya diski inayoazimwa kama kumbukumbu. Mtaa mdogo hutupatia picha mia chache, lakini mtaa mpana wenye miinuko, kama ile iliyo chini ya Milima ya Uluguru, ambako tunalazimika kuongeza sehemu ambayo kila picha huingiliana na inayofuata, hupita elfu kwa urahisi. Kompyuta mpakato yetu ya zamani ya GB 16 ilikuwa ama inasimamisha kazi katikati, ama inatulazimisha kuukata mtaa vipande na baadaye kuhangaika na maungio yasiyolingana. Kwenye Z4 kazi huanzishwa jioni na asubuhi ortofoto huwa tayari. Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba mashine hii ina nafasi 8 za RAM na hutumia zile za seva, aina ambayo kompyuta za kawaida za mezani haziikubali, hivyo zile za mtumba zilikuwa zikiuzwa kwa bei nafuu tulipoinunua. Nafasi 4 bado ziko wazi kwa siku tutakapopata kazi kubwa zaidi.

Tulikuwa pia tumeiangalia mashine ya zamani kidogo yenye prosesa mbili za Xeon E5-2680 v4, ambazo kwa pamoja zina viini (vitengo vya hesabu ndani ya prosesa) 28 dhidi ya viini 8 vya hii yetu. Kwa kuunganisha picha tu, wingi huo una faida. Hata hivyo, kazi nyingi za kila siku katika QGIS, kama kurekebisha poligoni (maumbo yaliyochorwa ya viwanja) zenye makosa au kukokotoa maeneo ya viwanja, huendeshwa na kiini kimoja kwa wakati, na hapo kasi ya kiini hicho ndiyo inayohesabika: W-2145 huanzia GHz 3.7 na kufika 4.5, ilhali ile nyingine huanzia 2.4 na kuishia 3.3. Tena prosesa za kizazi hicho haziko katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 mnamo Oktoba 2025.

Diski iliyokuja na mashine tuliitoa na kuweka NVMe mpya ya TB 1 (aina ya SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka), kwa kuwa SSD huchakaa kadiri inavyoandikwa na hakuna haja ya kurithi uchakavu wa mtu mwingine. Anayetaka kubaki na ile ya zamani afungue CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski, palepale dukani asome hali yake. Kazi inayoendelea hukaa kwenye NVMe, na zilizokamilika huhamishiwa kwenye diski za kawaida za kuzunguka, ambazo kwa kuhifadhi zinatosha kabisa. Ortofoto ya GB kadhaa hufunguka na kukuzwa bila kusitasita, ingawa sifa nyingine hapo ni ya piramidi (nakala za picha hiyohiyo zilizopunguzwa ukubwa) tunazozitengeneza ndani ya faili ya GeoTIFF inayobeba ortofoto, ambazo hazigharimu shilingi yoyote na zingesaidia hata kompyuta dhaifu.

Gharama zinazosahaulika ni za pembeni. Prosesa hii haina uwezo wa ndani wa kutoa picha, kwa hiyo mashine isiyo na kadi ya picha haitaonyesha chochote kwenye skrini, na mnunuzi ahakikishe kadi imo katika bei aliyotajiwa. Umeme ukikatika hakuna betri ya kuokoa kazi. UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme kwa muda, ni lazima, iwe na uwezo wa kuibeba mashine pamoja na skrini mbili hadi izimwe kwa utaratibu. Skrini mbili nazo nazihesabu kama sehemu ya kompyuta, kwani anayechora mipaka kutwa nzima anahitaji ortofoto upande mmoja na jedwali la wamiliki upande wa pili.

Kwa kampuni ambayo mtaalamu wake huchakata data akiwa kambini wilayani, singeipendekeza, na ningemwelekeza kwenye kompyuta mpakato yenye GB 32 inayoruhusu RAM kuongezwa. Sisi tumeziacha kompyuta mpakato zetu za zamani ziende uwandani, ambako kazi yake ni kupokea picha kutoka kwenye droni na kuhakikisha hakuna sehemu ya mtaa iliyorukwa kabla timu haijafungasha vifaa.