Jenereta la kuvuta la kVA 60: miezi 14 kati ya zege na sendofu

Mimi ni fundi umeme wa hapa Dodoma. Katikati ya wiki nipo saiti, Jumamosi nipo kwenye harusi, sendofu au mkutano wa hadhara. Kwa miaka mingi nilikuwa nakodi jenereta la kuwekwa chini, na kilichokuwa kinaniumiza zaidi ya kodi yenyewe ni lori la kulibeba pamoja na winchi ya kulipakia na kulishusha. Unalipa mara mbili, kwenda na kurudi, na dereva wa winchi akichelewa, mafundi 20 wamekaa kivulini wanakusubiri wewe. Ndiyo maana nilipopata fedha nikanunua la matairi, la kufunga nyuma ya pikapu. Sasa nimelitumia miezi 14, na naona ninaweza kulizungumzia kwa haki.

Ni la mtumba, limetengenezwa 2013, lilitoka Uingereza. Injini ni Perkins 1103A-33TG2, silinda 3, lita 3.3, ina tabo, pampu yake ya dizeli ni ya kizamani isiyo na kompyuta. Alteneta, yaani sehemu inayozalisha umeme, ni Stamford. Vyote vimo ndani ya boksi la kuzuia kelele, na tangi la lita 200 liko chini. Ukijumlisha na tela lake, uzito unakaribia tani 2.

Watu waliniuliza kwa nini nisichukue la miaka ya karibuni. Sababu ni dizeli. Majenereta ya kuvuta yanayotengenezwa kwa soko la Ulaya tangu 2019 au 2020, kutegemea nguvu ya injini, yanafuata kanuni ya Stage V ya kupunguza uchafu wa moshi, na mengi ya ukubwa huu yana chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo linataka dizeli yenye salfa isiyozidi 10 mpaka 15 ppm (sehemu kwa milioni). Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 ni 50 ppm. Mashine nzuri kabisa ya kule, ukiileta huku, itaanza kuziba na kujizima, halafu utatafuta fundi mwenye kompyuta ya kuizindua. Hili langu fundi yeyote wa Perkins analifungua, na filta zake nazipata mjini.

Kwenye saiti limenifurahisha mno. kVA 60 maana yake ni kilowati 48 za kazi, au ampia 86 hivi kwa kila fezi, yaani kila moja ya njia tatu za umeme wake. Kwenye jengo la ghorofa nne tulilomaliza mwezi wa sita lilikuwa linabeba winchi ya kupandishia zege, mashine tatu za kuwelidi, grenda, vibreta na pampu ya kisima, na halikuwahi kulalamika. Siri ni mpangilio wa kuwasha. Mota ya winchi inapoanza huvuta mara tano au sita ya ampia zake za kawaida, kwa hiyo winchi inaanza peke yake, inatulia, ndipo wengine wanaingia mmoja mmoja. Ukiwaacha wote wawashe kwa pamoja baada ya chakula cha mchana, utasikia injini inaguna na taa zinafifia, na kosa hapo si la mashine.

Kitu ambacho hakuna muuzaji aliyeniambia ni kwamba jenereta la dizeli linaumwa likikosa kazi. Mwezi wa kwanza mlinzi wa saiti aliomba taa usiku, nami nikakubali liwake mpaka asubuhi kwa ajili ya taa nne na chaji ya simu. Usiku wa tisa nilipolikagua na tochi nikaona ute mweusi unachuruzika kwenye maungio ya bomba la moshi, mzito kama molasi, umeshachafua ukuta wa ndani wa boksi. Niliugusa kwa kidole, ukateleza na kunuka dizeli. Injini haikuwa inapata joto la kutosha, mafuta yanapita bila kuungua vizuri na kuganda kwenye bomba. Dawa yake ni kulipatia mzigo. Siku iliyofuata niliwawekea mafundi wa kuwelidi kazi zote za geti na madirisha kwa pamoja, nikaongeza na winchi, tukalikimbiza kwenye robo tatu ya uwezo wake kwa saa nne. Saa ya kwanza moshi ulikuwa mweusi tii, saa ya pili wa bluu, baadaye ukawa hauonekani. Tangu siku hiyo silipatii kazi iliyo chini ya theluthi moja ya nguvu zake. Mlinzi nimempa kijenereta cha petroli cha kVA 3 na kinamtosha.

Kwa hiyo ukiniuliza ukubwa wa kununua, nitakuuliza kwanza mzigo wako ni upi. Nimeona watu wa harusi wanakodishiwa kVA 150 kwa muziki na taa za LED ambazo hazifiki kilowati 20. Wanalipia mafuta ya bure, na mashine inaharibika.

Kwenye sherehe, sifa yake kubwa ni utulivu. Nikiliegesha mita 30 nyuma ya hema, mlango wa upande wa hewa moto ukitazama mbali na watu, MC anaongea bila kushindana nalo. Moshi usielekee kwenye hema wala jikoni, hilo silifanyii mzaha kabisa, kwa sababu hewa yake inaua. Chuma cha ethi nakipigilia kila mahali, hata kwa kazi ya saa tatu, na udongo wetu wa Dodoma ni mkavu, kwa hiyo namwagia ndoo mbili za maji pale kilipoingia kabla sijaunganisha waya.

Kuna usiku mmoja liliniangusha, au niseme niliangushwa na mimi mwenyewe pamoja na jikoni. Sendofu ya watu 400, bibi harusi mtarajiwa yuko mlangoni na shangazi zake, wimbo wa kuingilia umeanza, giza. Breka kuu imekatika. Nakimbia kwenye ubao nakuta wapishi wamechomeka birika kubwa nne na majiko mawili ya kupashia kwenye fezi moja na muziki. Fezi hiyo ilikuwa imebeba karibu mzigo wote, nyingine mbili zinazurura. Shangazi mmoja alinifuata, "Mwanangu, unatuaibisha!" Nikamwambia, "Shikamoo mama, naomba dakika mbili tu." Nikawaambia jikoni wachomoe kila kitu, nikahamisha nyaya, nikawasha. Zilikuwa dakika tano, na ninajua ile familia haitazisahau. Siku hizi nabeba ubao wenye soketi zilizopakwa rangi: nyekundu muziki, njano jikoni, bluu taa. Mpishi haruhusiwi kugusa nyekundu. Na natembea na klemu mita, kipimo cha ampia kinachobana waya, nasoma kila fezi kabla ya wageni kuingia.

Mafuta: kwenye nusu ya mzigo linakula lita 7 kwa saa, kwenye robo tatu karibu 11. Nimeyapima mwenyewe kwa kujaza tangi mpaka shingoni, kufanya kazi saa kumi, kisha kujaza tena. Namba hizo zimenisaidia kuzuia wizi wa mafuta kuliko kufuli. Mita ya saa ikisema 6 na tangi limepungua lita 80, naenda kuzungumza na watu wa saiti siku hiyo hiyo. Oili na filta nabadilisha kila saa 250, kwa sababu ya vumbi, na chombo cha kutenganisha maji na dizeli nakifungua kila asubuhi. Mara mbili nimekuta maji ya kujaa kizibo cha soda.

Lawama yangu iko kwenye tela. Aliyeniuzia alikuwa amepaka matairi rangi nyeusi inayong'aa, kashata zimesimama vizuri, nikaridhika. Karibu na Chamwino tairi la kushoto likapasuka, jenereta likayumba nyuma ya pikapu, na kama ningekuwa kwenye kasi ya 80 sijui ningeandika nini leo. Nilipofuta rangi ubavuni nikasoma tarakimu nne: 0813. Wiki ya nane ya 2013. Matairi ya tela hayamalizwi na kukimbia, yanakufa kwa kusimama juani. Kabla hujalipa, tafuta tarakimu hizo, pinda mpira kwa mikono uone nyufa, nyanyua tela kwa jeki uzungushe gurudumu usikilize beringi. Muuzaji anayekuonyesha injini ikinguruma na hataki upige magoti chini ya tela anajua kilichopo huko.

Nimeweka matairi mapya, beringi mpya na taa za nyuma. Kilichobaki ni breki. Ni ile aina inayojibana yenyewe pale pikapu inapopunguza mwendo na tela kuisukuma, na fimbo yake imeota kutu, inashika kwa kuchelewa. Mwisho wa mwezi kuna harusi Kondoa. Fundi ameniahidi kuimaliza Alhamisi, na asipoimaliza nitakodi lori kama zamani.