Kifaa cha kusoma misimbo au kuhamisha koili?
Injini inapomisi, yaani silinda inaposhindwa kuchoma mafuta vizuri, na taa yake ikawaka kwenye dashibodi, mwenye gari wa Kampala anaweza kuanza na kifaa cha kusoma misimbo ya hitilafu, ambacho kikionyesha P0302 humwelekeza kwenye silinda ya pili, ingawa hakimwambii kama kasoro ni ya plagi, koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) au nozeli (inayopulizia mafuta). Kuhamisha koili ya silinda hiyo hadi ya tatu, na ya tatu hadi ya pili, kisha kufuta msimbo na kuwasha injini tena, huonyesha bila gharama kama tatizo ni koili: ikitokea P0303, koili ndiyo mbovu. Naiamini zaidi njia hii kabla ya kununua kipuri chochote kwenye soko la vipuri la Kisekka, lakini P0300, isiyotaja silinda, huipunguzia manufaa.