Nilinunua kipimo cha vinasaba vya mbwa ili nijue kama watoto wangu wako salama

Mwezi Novemba 2023, wiki chache baada ya Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, kutangaza kwamba mbwa wanaoitwa XL Bully, wakubwa wenye misuli na kichwa kipana, watapigwa marufuku, mzazi mwenzangu alinisimamisha nje ya lango la shule hapa Reading, akamtazama mbwa wetu Bobi kuanzia pua hadi mkia, kisha akaniuliza kwa upole kama ninafahamu kwamba muda si mrefu polisi wataweza kumchukua. Sikuwa na jibu. Bobi tulimpokea kutoka kwa mfanyakazi mwenzangu aliyehamia nyumba isiyoruhusu wanyama, naye alituhakikishia kwamba ni chotara wa Labrador, lakini kichwa chake kipana na kifua chake kilichojaa vilikuwa vikisema jambo jingine. Watoto wangu walikuwa na miaka minne na saba. Usiku ule ule niliagiza mtandaoni kipimo cha vinasaba vya mbwa kwa karibu pauni 100, na tathmini hii inahusu kipimo hicho. Kampuni sitaitaja, kwa sababu mengi nitakayoyasema yanahusu bidhaa za namna hii kwa jumla na si duka moja.

Kifurushi kilifika baada ya siku tatu. Ndani mlikuwa na vijiti viwili vyenye pamba ngumu nchani, mirija ya kuvihifadhia, karatasi yenye namba ya usajili na bahasha ya kurudishia iliyokwisha kulipiwa. Mbwa hatakiwi kula kwa muda kabla ya kuchukuliwa sampuli. Baada ya hapo unasugua kijiti upande wa ndani wa shavu lake kwa sekunde kadhaa, unasajili namba mtandaoni na kupeleka bahasha posta. Maelekezo yalieleweka hata kwa mtu ambaye hajawahi kumfungua mbwa mdomo, na majibu yalikuja baada ya wiki tatu na siku mbili, muda ule ule walioahidi. Kwa huduma sina lalamiko lolote.

Majibu yalisema kwamba Bobi ni Labrador kwa asilimia 41, Staffordshire Bull Terrier kwa asilimia 27, Boxer kwa asilimia 14, na asilimia 18 zilizobaki ni mchanganyiko wa mbari ambazo nyingine sikuwahi hata kuzisikia. Kulikuwa pia na orodha ya magonjwa ya kurithi yaliyopimwa, ambayo daktari wetu wa mifugo aliipitia kwa makini na kuihifadhi kwenye faili. Mume wangu alifurahi kupita kiasi. Alimpigia simu mama yake Moshi kumweleza kwamba mbwa ana ukoo, na mama mkwe, ambaye hadi leo haelewi mbwa anafuata nini ndani ya nyumba, aliuliza tu kama huo ukoo unamzuia kupanda kwenye makochi.

Katika kubainisha nasaba, kipimo hiki kinalishinda jicho la binadamu kwa mbali, na hilo linastahili kusemwa wazi. Mwaka 2009 Victoria Voith na wenzake nchini Marekani walilinganisha mbari zilizoandikwa na vituo vinavyotoa mbwa kwa wafugaji wapya na majibu ya vinasaba vya mbwa wale wale, wakakuta kwamba kwa wengi wao mbari zilizotajwa na vituo hazikuonekana kwenye vinasaba. Waliokuwa wakikisia ni watu wanaoshinda na mbwa kutwa nzima, si wapita njia. Sababu mojawapo ni kwamba ukubwa wa mwili, urefu wa miguu na namna ya manyoya hutawaliwa kwa sehemu kubwa na jeni chache, hivyo chotara anaweza kurithi kichwa cha babu mmoja na kuficha kabisa mababu wengine watatu. Neno “pitbull” lenyewe, ambalo kila mtu hulitamka kana kwamba linataja mnyama mmoja, hutumiwa mitaani kwa American Pit Bull Terrier, American Staffordshire Terrier, Staffordshire Bull Terrier wa Kiingereza, American Bully, na kila chotara mwenye shingo nene na manyoya mafupi. XL Bully naye hatambuliwi kuwa mbari na Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosajili mbari za mbwa.

Hata hivyo, kasoro kubwa ya bidhaa hii, ambayo haikuandikwa popote kwenye kifurushi, ni kwamba sheria iliyonifanya niinunue haiijali. Kiswahili chetu hutumia neno “aina” kwa mambo mawili ambayo sheria ya Uingereza inayatenganisha, yaani mbari inayothibitishwa kwa ukoo na umbo linaloonekana kwa macho. Sheria ya Mbwa Hatari ya mwaka 1991, iliyoanza na Pit Bull Terrier na Tosa wa Japani, kisha ikaongezewa Dogo Argentino na Fila Brasileiro, na mwaka 2023 XL Bully, inashughulika na umbo. Mwaka 1993 mahakama ilieleza kwamba umbo ni jambo pana kuliko mbari, na kwamba inatosha mbwa awe na sehemu kubwa ya sifa zinazotajwa. Zaidi ya hayo, mbwa akituhumiwa kuwa wa aina iliyokatazwa, anayetakiwa kuthibitisha kwamba siye ni mwenye mbwa, wala si serikali. Kwa hiyo mtoto wa Labrador na Mastiff, ambaye hana tone la damu ya Bully, anaweza kuangukia ndani ya marufuku kwa sababu ya kimo na kifua chake, na cheti cha vinasaba hakitamwokoa.

Kilichotuondolea wasiwasi ni futi ya fundi cherehani, ambayo ilikuwa kwenye droo muda wote huo. Mwongozo wa serikali, unaosomwa bure mtandaoni, unasema kwamba XL Bully dume huanzia kimo cha sentimita 51 kutoka chini hadi juu ya mabega, na jike sentimita 48, pamoja na sifa nyingine za kichwa, taya na mwili. Daktari wa mifugo alimpima Bobi mara mbili, akapata sentimita 47, akapitia sifa nyingine mojamoja na kuandika yote hayo kwenye faili lake. Ada ilikuwa ya kumwona daktari kwa kawaida. Kama Bobi angeonekana kuwa ndani ya umbo lililokatazwa, tungehitaji kuomba cheti cha msamaha, yaani kibali cha kuendelea kumfuga, cha pauni 92 na senti 40 kabla ya tarehe 1 Februari 2024, kumhasi, kumwekea chipu, kumkatia bima, na kumvalisha kifunga mdomo kila atokapo nje. Kipimo changu cha vinasaba kilinigharimu zaidi ya cheti hicho.

Nisingeandika haya yote kama hasara ingeishia kwenye fedha. Majibu yale yalitulegeza. Sikukuu ya Krismasi mdogo wangu alikuja kutoka Leicester pamoja na mwanawe wa miaka mitano. Bobi alikuwa chini ya meza na mfupa wake, mtoto akapenya kati ya viti na kumkumbatia shingoni. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Nilimwona mbwa akikaza mwili, akigeuza uso pembeni, akilamba midomo ilhali mfupa ameuacha, weupe wa jicho lake ukitokeza, na bado sikusogea, kwa sababu kichwani mwangu mbwa yule alikuwa amekwisha kuwa Labrador. Alinguruma mara moja, kisha akauma hewa, na jino moja likapita shavuni mwa mtoto, sentimita mbili chini ya jicho. Jeraha lilikuwa dogo na halikushonwa. Njiani kuelekea hospitali mtoto aliniuliza, “Mama mkubwa, Bobi alikuwa amekasirika kabla sijamshika au baada?” Hilo ndilo swali ambalo mtu mzima mwenye futi, daktari na cheti chake alipaswa kujiuliza.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi, na ninalaumu namna bidhaa hizi zinavyopambwa kwa maneno kama “mfahamu mbwa wako kikamilifu”. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia majibu ya wenye mbwa 18,385 pamoja na vinasaba vya mbwa 2,155, nao ulikuta kwamba mbari inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Hii haina maana kwamba mbwa wote ni sawa mbele ya mtoto. Taya la mbwa wa kilo 50 si sawa na la mbwa wa kubebwa kwapani, na siwacheki wazazi walioshtuka mwaka ule baada ya msichana wa miaka 11 kushambuliwa Birmingham. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwao. Ila asilimia 41 za Labrador haziwezi kukuambia kama mbwa wako atavumilia kukumbatiwa akiwa na mfupa. Watoto wadogo huumwa mara nyingi na mbwa wanayemfahamu, nyumbani kwao au kwa jamaa, na huumwa usoni na shingoni kwa kuwa uso wao uko karibu na mdomo wa mnyama. Sheria yenyewe inalijua hilo kwa upande wake mwingine, kwani tangu mwaka 2014 mwenye mbwa wa aina yoyote anaweza kushtakiwa mbwa wake akikosa kudhibitiwa na kuwa hatari, hata ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Muuguzi aliyemhudumia mtoto aliuliza kuhusu chanjo ya pepopunda tu. Kichaa cha mbwa hakimo katika mbwa wa Uingereza, na kwa hiyo hatukurudi nyumbani na hofu hiyo. Nilipomsimulia kaka yangu aliyeko Moshi, naye akaniomba nimnunulie kipimo kama hicho kwa ajili ya mbwa wake aliyeuziwa mtaani kama “German Shepherd halisi”, nilimkatalia, na ninawakatalia wasomaji walioko nyumbani pia. Mbwa wetu wengi wa Afrika Mashariki si machotara wa mbari za Kizungu zilizopotea njia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliochukua sampuli za mbwa wa vijijini nchini Misri, Uganda na Namibia, ulionyesha kwamba wengi wao ni wazawa wenye historia yao wenyewe, kwa hiyo neno “koko” tunalowaita linawadhulumu kidogo. Fedha ya kipimo ingelipia chanjo ya kichaa cha mbwa kwa mbwa wa mtaa mzima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo huua watu 59,000 kwa mwaka, wanne kati ya kila kumi wakiwa watoto wa chini ya miaka 15, na karibu wote huupata kwa mbwa. Mtoto akiumwa huko, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, awe ameumwa na mbwa wa aina yoyote ile.

Kipimo hiki kinamfaa mtu anayetaka kujua magonjwa ya kurithi ya mbwa wake, au mwenye hamu tu ya kujua alikotoka, na kwa kazi hiyo ninakipa nyota tatu kati ya tano. Kingepata nne kama kampuni ingeandika juu ya kifurushi, kwa herufi zinazosomeka, kwamba majibu hayana uzito katika sheria ya mbwa waliokatazwa na hayatabiri tabia. Anayetafuta usalama wa watoto anunue kwanza kigeti cha mlangoni, kile cha chuma kinachobana kwenye fremu bila kutobolewa ukuta. Changu kiligharimu pauni 25, kinamtenga Bobi jikoni kila anapokula na kila wanapokuja wageni wenye watoto, na komeo lake halifunguki kwa mkono wa mtoto wa miaka mitano. Mpwa wangu alijaribu wakati wa Pasaka, akashindwa.