TAHADHARI: "Siti ya gari ya kichanga inayolala flati" inaweza kuwa kitanda cha kigari tu

Wazazi mnaosubiri mtoto, na nyinyi mnaochanga zawadi ya kichanga kazini, someni hili kabla hamjatuma hela.

Matangazo ya siti za gari za watoto wachanga "zinazolala kabisa, orijino kutoka Ulaya" yamejaa Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp. Bei inavutia, picha zinang'aa, muuzaji anajibu fasta. Ukimwomba picha ya lebo ya chini ndipo anabadilika: "Dada, mzigo unagombaniwa, weka kishika oda kwanza."

Ujanja unaorudiwa sana ni huu: unauziwa kitanda cha kigari cha kusukuma mtoto, kimeng'olewa kwenye magurudumu yake, kinaitwa siti ya gari. Kwa juu kinafanana kabisa na siti ya kulala, kina kofia, mpini na godoro dogo. Kipindue. Ukikuta chini kuna matundu mawili tu ya kubanisha kwenye fremu ya magurudumu, na ukiinua godoro ukakuta ubao mwembamba au plastiki inayobonyea kwa kidole gumba, hicho ni cha kutembezea mtoto barazani. Siti ya kweli ya kulala ina ganda gumu lililotandikwa ndani lile povu jeupe gumu kama linalokuja na televisheni kwenye boksi. Ina njia za kupitisha mkanda wa gari pande zote mbili, na ndani kuna mkanda mpana wenye sponji unaopita tumboni kwa mtoto, uliofungwa kwenye ganda lenyewe, si kwenye kitambaa.

Hapa kuna mtego ndani ya mtego. Vipo vitanda vya vigari ambavyo kweli viliidhinishwa kutumika kwenye gari, ila vinatumika pamoja na seti yake maalumu ya mikanda. Seti hiyo ndiyo hupotea kwanza kwenye mitumba. Muuzaji atakwambia "pitisha tu mkanda wa gari juu yake". Hapana. Siti hizi hupimwa kwa kugongwa kwa mbele kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na katika kishindo cha namna hiyo mtoto wa kilo 3 anaweza kuvuta kwa nguvu kuliko uzito wa mfuko wa saruji wa kilo 50. Mkanda uliolazwa juu ya kitanda utabaki na kitanda, mtoto atatoka.

Ujanja wa pili ni wa maneno tu. Siti inalala kweli, lakini ikiwa nje ya gari. Aina nyingi zimetengenezwa hivyo: ukiiweka juu ya kigari inanyooka, ukiibana kwenye kitako chake ndani ya gari inatakiwa irudi kwenye mkao wa mshazari. Mwambie muuzaji akutumie video fupi, siti ikiwa imefungwa kwenye siti ya nyuma ya gari, abonyeze kitufe uione inalala palepale. Akileta picha ya mtandaoni, angalia usukani. Ukiwa kushoto na nje kuna theluji, hiyo picha haijapigwa Sinza, Dar es Salaam.

Kuna na zile za kitambaa kitupu, zinazokunjwa kama begi na kufungwa nyuma ya siti kwa kamba. Hizo hata usijadiliane bei. Nchini Uingereza wakaguzi wa biashara wameshaonya juu yake zaidi ya mara moja.

Sasa lebo. Siti inayofuata kanuni za Umoja wa Mataifa ina stika, mara nyingi ya rangi ya chungwa, yenye herufi E ndani ya duara na namba pembeni yake. Namba hiyo ni ya nchi iliyoidhinisha: 1 Ujerumani, 4 Uholanzi, 11 Uingereza, 43 Japani. Kwenye kanuni ya R44 utaona uzito, mfano 0–13 kg, na namba ya idhini inayoanza na 04. Kwenye R129, ambayo ni mpya zaidi na inapima pia kugongwa ubavuni, utaona urefu wa mtoto kwa sentimita, mfano 40–85. E isiyo na namba ni feki. Alama ya CE, ile ya bidhaa za kawaida za Ulaya, peke yake haithibitishi siti ya gari, na muuzaji anayekuonyesha hiyo ama hajui anachouza au anajua sana. Siti ya Marekani haina E. Yenyewe ina maandishi ya Kiingereza yanayosema inakidhi viwango vya shirikisho vya usalama wa magari, na kwa kawaida ina klipu ya kifuani. Lebo iliyobanduliwa ikabaki gundi tu, ichukulie kama siti iliyopata ajali.

Tarehe nayo iko kwenye plastiki yenyewe. Tafuta chini ya ganda kiduara kidogo kama uso wa saa, chenye namba 1 hadi 12 kuzunguka, mshale unaoonyesha mwezi, na tarakimu mbili za mwaka katikati. Watengenezaji wengi hutoa muda wa kutumia kati ya miaka 6 na 10. Ukishaiona, vua kitambaa chote. Mistari myeupe kwenye plastiki nyeusi ni dalili kuwa ilikunjwa kwa nguvu. Povu lililopasuka, hata kama limegundishwa vizuri, ni la kukataa. Mkanda uliopauka upande mmoja huenda ulifuliwa kwa jiki, na jiki inadhoofisha nyuzi.

Siti za kulala zinazokuja na magari kutoka Japani mara nyingi ni za kweli, na baadhi zimetengenezwa mtoto alale kabisa chali, akiwa amekingama kutoka mlangoni kuelekea katikati ya gari. Shida yake ni nyingine: maelekezo yote ni ya Kijapani, na vipande hupotea bandarini au kwa fundi. Kwenye siti za R44, fuata rangi: alama za bluu ni njia ya mkanda mtoto akiangalia nyuma, nyekundu ni akiangalia mbele. Ikiwa ni hiyo ya kulala kwa kukingama, kichwa cha mtoto kiwe katikati ya gari, mbali na mlango. Siti ya kati kwenye magari mengi ya zamani ya Kijapani ina mkanda wa kiunoni tu, na siti inayodai mkanda wa pointi tatu haifungwi hapo.

Na msitishwe na ile kauli ya "siti ya kukaa itamvunja mtoto uti wa mgongo". Mtoto aliyetimiza miezi na mwenye afya anatosha kwenye siti ya kawaida ya kichanga inayoangalia nyuma, iliyolala kiasi cha nyuzi 45, kidevu kisiguse kifua, mikanda itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Kamwe isiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Wanaohitaji hasa kulala flati ni njiti waliozaliwa kabla ya wiki 37, wenye uzito mdogo sana, au wenye shida ya kupumua au nyonga, na hilo linasemwa na daktari, si na muuzaji. Hata siti nzuri, wiki za mwanzo msizidishe nusu saa bila kumtoa mtoto.

Malipo: iangalie siti kwanza, ifunge kwenye gari lako, ndipo ulipe. Ukishaifunga, ishike pale mkanda unapopita na uitikise. Ikicheza zaidi ya sentimita mbili na nusu, haijakaa au haiendani na gari lako. Anayekataa kuonana akataka "nauli ya boda" mapema, mwache.

Kama umeshatuma, piga simu mtandao wako saa hiyohiyo kabla hela haijatolewa, hifadhi meseji na namba ya muamala, kisha uripoti polisi. Ulaghai wa mtandaoni uko ndani ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015. Bidhaa yenye lebo feki ipelekwe Tume ya Ushindani, FCC.

Na kama unayo tayari na ni mbovu, usimgawie dada wa kazi wala usiiache jalalani ikiwa nzima. Kata mikanda yote kwa mkasi, toboa ganda, andika kwa maka peni IMEHARIBIKA, ndipo uitupe. Isipokuwa hivyo, kesho itaoshwa na kurudi tena kwenye grupu.