Grupu la mali kwa mali la Ngamiani, Tanga: nani ajiunge, nani aachane nalo

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka asome hapa aondoke. Ka unauza muda wako, yaani kinyozi, fundi cherehani, dada wa saluni, sie wa steshenari wa kuprinti na kutoa kopi, jiunge hata leo. Ka unauza mzigo ulionunua kwa keshi, genge, samaki, duka la vyakula, ingiza mguu mmoja tu mwingine uache nje.

Grupu lenyewe halina jina la maana wala ofisi, ni la wasap tu, wenye biashara ndogondogo wa Ngamiani na wachache wa Makorora na Chumbageni, na kuna dada mmoja katibu ndo anatunza daftari. Linavyokwenda ni hivi, pointi moja tunaihesabu sawa na shilingi 1,000, nkimprintia mama lishe menyu na bango za pointi 12 mimi naandikiwa 12 za kudai na yeye anaandikiwa 12 za kudaiwa, ila simdai yeye, nalidai grupu zima, kesho naweza kwenda kunyoa au kumwita seremala anirekebishie kaunta kwa hizohizo. Hapo ndo linaposhinda nipe nikupe ya kawaida, maana kwenye nipe nikupe mwenye samaki hana shida na bango na mimi nna shida na samaki, basi tunabaki kuangaliana.

Kwangu limelipa kwa kweli. Kazi yangu karatasi na wino vinakula hela kidogo, kinachobaki ni mashine na mimi mwenyewe, na shule zikifungwa sote wawili tunakaa tu tunapigwa feni. Sasa huo muda wa kukaa ndo nnaougeuza kuwa pointi. Feni ya dukani imetengenezwa kwa pointi, kaunta kwa pointi, suruali mbili za sikukuu kwa pointi, na fundi cherehani wala hakulalamika maana kitambaa nlipeleka changu, yeye alitoa uzi na mikono.

Sasa njoo kwa mama lishe uone shida inapoanzia. Mchele, nazi, samaki na mkaa vyote ananunua kwa keshi, na pale sokoni Mgandini hakuna anayejua pointi ni kitu gani, kwahiyo kila sahani anayotupa sisi wa grupu ni hela imemtoka mfukoni na haijarudi. Mwanzoni tulikua tunamvamia saa saba wote, mafundi wa viwanda wenye keshi wanakosa pa kukaa, bi mkubwa akavumilia weee mwisho akaweka sheria yake: pointi ni kuanzia saa nane na nusu, chakula kilichobaki. Watu walinuna, mi naona ndo mtu mwenye akili kuliko wote mule ndani, wali uliobaki saa tisa utamwagwa au atapewa paka, bora aule fundi umeme aje amfungie taa.

Muuza samaki yeye hakuwahi kustuka mapema. Anachukua mzigo mnadani Deep Sea alfajiri, anauza mitaani, akawa anapokea pointi kwa kila mtu kwasababu zinatoka haraka, baada ya muda mtaji wote umehamia kwenye daftari la katibu na mnadani hawataki daftari wanataka hela. Kajitoa. Simlaumu, na grupu nalo halikumwambia mapema, hii naikata nyota nzima.

Dawa yake mbona ipo na haijabuniwa leo, ni nusu kwa nusu. Uswisi wana kitu kinaitwa WIR, kilianzishwa 1934 na wafanyabiashara wadogo wakati uchumi wa dunia umelala na hela hazionekani, wakawa wanakopeshana na kulipana kwa hesabu yao wenyewe, mpaka leo kipo na kimeshakua benki kamili, na mara nyingi malipo yao sehemu inakua WIR sehemu inakua faranga. Kwahiyo muuza samaki akisema samaki wa 6,000 nipe 4,000 keshi na pointi 2, mtaji wake unarudi mnadani na faida ndo inaingia daftarini. Nimelipendekeza hili kwenye grupu, katibu kalikubali, wengine bado wanabisha eti tutakua hatuna tofauti na dukani.

Kuna jamaa nae alileta wazo kwamba tuache daftari, mimi niprinti vikuponi vizuri vya rangi tuwe tunapeana mkononi. Nikamwambia kaka mashine ninayo lakini hiyo kazi tafuta mwingine. Mombasa mwaka 2013 mtaa wa Bangladesh walitoa vocha zao zinaitwa Bangla-Pesa, wazo zuri tu la kusaidia wenye vibanda, waandaaji wakakamatwa na kufunguliwa mashtaka, yalikuja kufutwa baadae na mpango ukaendelea, lakini mi sina nguvu hizo za kukaa kituoni naeleza. Hapa kwetu kutoa noti ni kazi ya Benki Kuu peke yake. Daftari linatosha. Na msijidanganye pia kwamba TRA haiwahusu, kulipwa wali au kulipwa noti mauzo ni mauzo, mwenye mashine ya risiti atoe risiti.

Kero yangu kubwa ni bei mbili. Kuna saluni moja mule kusuka kwa keshi ni 15,000, ukija na pointi ghafla ni 20, ukiuliza unaambiwa rasta zimepanda, zimepanda kwa wenye pointi tu?? Katibu sasa anataka kila mtu apige picha bei zake za ukutani aziweke kwenye grupu, imepunguza lakini haijaisha. Kero nyingine fundi umeme, kila mtu anamtaka kwahiyo pointi zimemjaa hana pa kuzipeleka, juzi kagoma hadi apatikane fundi bomba au mtu wa bati wa kumalizia nyumba yake. Yuko sahihi kabisa, ukiwa na pointi ambazo huna cha kununulia umefanya kazi bure. Kwahiyo kabla hujaingia omba orodha ya waliomo, angalia ni wangapi unaowalipa hela kila mwezi, ka hawapo usiingie.

Deni mwisho pointi 50, hiyo sheria inasimamiwa kweli, na kuingia lazima uletwe na mwanachama. Ada 2,000 kwa mwezi ya bando na daftari, keshi, katibu pointi hazitaki kwenye hilo.

Nyota tatu na nusu kwa sasa. Januari shule zikifunguliwa mi napokea pointi jioni tu, wa mabango na kadi za harusi leteni kazi zenu sasa hivi wakati mashine imelala.