Uzoefu wangu: nilivyomtafuta babu yangu manamba kwenye maktaba na Nyaraka za Taifa

Bibi alipofariki tulifungua sanduku lake la bati, na ndani ya kopo la maziwa ya unga tukakuta kipande cha kazi cha babu. Ni kadi ngumu iliyokunjwa katikati, imeshageuka rangi ya chai. Ina vyumba 30, kimoja kwa kila siku ya kazi, vimetiwa alama ya penseli isipokuwa vinne vya mwisho. Chini kuna dole gumba la wino wa zambarau. Jina lake limekosewa herufi mbili, na mbele ya jina kuna namba. Namba za namna hiyo ndizo zilizowapa vibarua wa mkonge walioletwa kutoka mbali jina la manamba.

Babu alitoka Kigoma, akaja kukata mkonge upande wa Muheza mwaka 1951, hakurudi kwao tena. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Tanga. Kila mwaka nawafundisha watoto kwamba Mjerumani Hindorf alileta mkonge mwaka 1893, kwamba kufikia 1964 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000, kwamba reli ya Usambara ilianzia hapa hapa mjini. Waliokata majani hayo wanapata aya moja. Kile kipande kilinikosesha raha, nikaamua kutafuta mwenyewe.

Nilianzia Maktaba ya Mkoa, ile ambayo zamani iliitwa King George VI. Sikwenda pale kutafuta jina la babu. Nilikwenda kusoma vitabu vya jumla na kujaza daftari: nani alitawala mwaka gani, ofisi gani ilisimamia kazi, mashamba yaliitwaje. Humo ndimo nilimokutana na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944 kuandikisha vibarua kutoka mbali: Kigoma, Njombe, Songea, hata nje ya mipaka. Jumamosi nne nilizokaa pale ndizo zilizoniokoa baadaye. Nilipita pia makumbusho ya Urithi kwenye Boma la zamani, nikatazama picha za Tanga ya kale kwa muda mrefu, maana uso wa mji husaidia kuelewa maandishi.

Kisha nikaenda shambani alikofanya kazi babu. Shamba limebadilisha wenyewe mara kadhaa. Nikaambiwa madaftari ya zamani ya mishahara yaliwekwa stoo, mvua ikaingia, mchwa wakamalizia. Niliumia sana. Yale yalikuwa majina ya watu maelfu, na wengi wao hawakuandikwa mahali pengine popote.

Ikabaki Dar es Salaam. Nilipanda basi la alfajiri na barua ya utambulisho kutoka kwa mkuu wa shule, nikafika Nyaraka za Taifa, Upanga. Nikamwambia mhudumu natafuta mafaili ya manamba. Akanitazama kwa upole akasema, "Mwalimu, ukiniambia manamba sitakupatia kitu. Niambie ni ofisi gani iliyokuwa inawaandikia barua."

Ningelijua hilo mapema! Maktaba hupanga vitabu kwa mada, lakini nyaraka hukaa kwa ofisi iliyozizalisha, kwa mpangilio wa ofisi hiyo. Hakuna aliyefungua faili kwa jina la babu yako. Lipo faili la Mkuu wa Jimbo la Tanga, la Bwana Shauri wa wilaya, la Idara ya Kazi, na babu yako anapita humo kama mmoja wa watu mia mbili walioshuka kwenye lori. Kwa hiyo swali ni hili: mambo ya mtu huyu yalimhusu afisa yupi? Ukishalijibu, orodha za mafaili zinaanza kusema nawe. Lile daftari langu la maktaba lilifanya kazi siku hiyo.

Faili la tatu nililoletewa lilikuwa limefungwa kwa uzi, karatasi za ndani nyepesi kama ganda la kitunguu, zile nakala za kaboni. Barua za maafisa wa kazi kuhusu mashamba ya Muheza: posho ya unga, maharage na chumvi, nyumba za kambi, vibarua waliotoroka kabla kipande hakijajaa. Nilisimama kwenye neno hilo la kutoroka. Kipande cha babu kina vyumba vinne vitupu. Sijui kama aliugua au aliondoka, wala faili halisemi, lakini kwa mara ya kwanza niliona kambi aliyolala.

Kwa wanaofuata, angalieni tahajia. Majina yetu yaliandikwa kwa sikio la mgeni, hivyo jaribu namna tatu au nne za kuliandika jina. Mafaili ya Wajerumani yanaiita Lushoto kwa jina la Wilhelmsthal. Ukitafuta Lushoto utadhani hakuna kitu. Pia sheria ya mwaka 2002 inafungua nyaraka za serikali baada ya miaka 30, kwa hiyo mambo ya karibuni msiyategemee. Tumieni penseli, na ulizeni ada kabla ya kuagiza nakala.

Kipindi cha Wajerumani kina njia nyingine isiyohitaji nauli. Hifadhi ya taifa ya Ujerumani imeweka mtandaoni mafaili ya wizara yao ya makoloni, kundi la R 1001, na kuyasoma ni bure. Kazi iko kwenye mwandiko wao wa kale, Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo unamshinda. Nilitumia programu ya Transkribus kuusoma, kisha nikatafsiri polepole. Makosa yapo lakini maana inapatikana. Wanaotafuta kipindi cha Waingereza watayapata mafaili ya wizara yao ya makoloni, kundi la CO 691, kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza kule Kew, London, na anayetaka Mrima, yaani pwani yetu hii, kabla ya wakoloni, enzi za Sultani, asiiruke hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar, Kilimani.

Kwa huduma niliyopata Upanga, nimeridhika. Nilisubiri, ndiyo, siku ya kwanza mafaili mawili tu mpaka saa nane mchana. Lakini kila lililoombwa lilitafutwa, na yule mhudumu alinifundisha kwa dakika tano jambo ambalo chuoni sikulipata. Mwenye siku moja tu asiende. Tenga siku tatu.

Jina la babu sijalipata. Nina faili mbili za Idara ya Kazi ambazo namba zake nimezinakili, za mwaka 1951 na 1952. Nitarudi mwezi wa sita shule zikifungwa, na safari hii kipande chenyewe nitakwenda nacho.